Hewa ya baridi kwa injini yako: mwongozo kamili wa kujitengenezea inteki nyumbani

Fungua boneti ya gari lililotoka kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, saa nane mchana. Joto litakalokupiga usoni ndilo linalovutwa kwenye injini na inteki nyingi za kununua, yaani mifumo ya kuingizia hewa kwenye injini. Mwenye gari ameng'oa boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari, amefunga filta nyekundu ya koni kwenye bomba linalong'aa, na sasa gari linanguruma vizuri akikanyaga mafuta. Lakini filta imekaa wazi, nyuma kidogo ya rejeta, inavuta hewa ya moto kuliko lile boksi lililotupwa stoo. Kelele imeongezeka, nguvu imepungua, na mwenyewe anakwambia gari limekuwa jepesi.

Niseme mapema ninakokupeleka. Kwenye inteki ya hewa baridi, kazi kubwa haifanywi na bomba. Inafanywa na mahali hewa inapochukuliwa, na boksi linaloizuia isichanganyike na joto la injini. Ukilishika hilo, unaweza kutengeneza kitu cha maana kwa bati la alumini, hozi mbili tatu za silikoni na wikiendi moja ya kazi.

Mfano wangu ni Toyota Allion au Premio yenye injini ya 1ZZ-FE, cc 1,794, ya petroli, isiyo na turbo, yenye sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) kwenye njia ya hewa. Magari haya yamejaa mitaani na vipuri vyake vya mtumba vinapatikana. Kama lako ni jingine la petroli, vipimo vitabadilika lakini kazi ni ileile. Dizeli yenye turbo iache. Kule turbo yenyewe ndiyo inayopasha hewa, na kuipoza ni kazi ya intakula, kipoza hewa cha turbo.

Hesabu kidogo kwanza

Hewa ikipata joto hutanuka, na ikitanuka inabeba oksijeni kidogo kwa ujazo uleule. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 ina uzito wa karibu kilo 1.18. Ipashe hadi nyuzi 60 na uzito unashuka mpaka kama kilo 1.06, yaani asilimia 10 imepotea. Kwa hesabu ya haraka, kila nyuzi 10 unazoshusha zinakurudishia kama asilimia 3 ya hewa. Juu ya hapo, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, likisikia hewa ni ya moto sana huchelewesha moto wa plagi ili injini isigonge (mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda), na hapo nguvu inapungua tena.

Injini hii ina kama hospawa 130. Ukishusha nyuzi 10 umepata, kwa hesabu ya ukarimu, hospawa 4, na hizo ni pale tu mguu umekanyaga mpaka chini. Ukitembea kilomita 50 kwa saa mjini hutaona kitu, kwa sababu throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, imefungwa zaidi ya nusu na wewe mwenyewe ndiye unayeibania injini hewa. Wanaokuahidi kwamba ulaji wa mafuta utashuka wanakuuzia matumaini. Faida utaisikia ukipanda mlima umejaza watu na mizigo, ukilipita lori, au ukitoka kwenye foleni ndefu pale gari linapokuwa zito.

Kwa wakazi wa Nairobi, ile hewa nyepesi ya mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, ambayo kwa joto lilelile inapungukiwa na kama asilimia 18 ukilinganisha na ya Mombasa, hairekebishwi na inteki yoyote. Tiba ya hilo ni turbo au kushuka pwani.

Pima kabla hujakata

Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo maana hawajui kama walifaidika au walipoteza. Tafuta kifaa kidogo cha ELM327 cha Bluetooth, kichomeke kwenye soketi ya OBD iliyo chini ya dashibodi, kisha fungua programu ya kusoma data kwenye simu. Baadhi ya magari ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaongei na kifaa hiki kirahisi. Kama lako ni hivyo, nenda kwa fundi mwenye mashine ya dayagnosisi inayosoma Toyota za Japani, akutolee namba.

Unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni joto la hewa inayoingia. Isome gari likiwa limetembea dakika 15 kwa kilomita 60 au zaidi, kisha isome tena baada ya dakika 10 za foleni. Ya pili ni kiasi cha hewa ambacho MAF inakisoma kwa gramu kwa sekunde gari likiwa kwenye sailensa, yaani limesimama linaunguruma lenyewe. Kwa injini ya ukubwa huu tegemea kati ya 2 na 3. Ya tatu ni marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Hizo ni asilimia ambazo kontroli boksi linaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ubaki karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Andika zote kwenye daftari, pamoja na saa na joto la nje.

Sasa soma ulichoandika. Kama nje ni nyuzi 31 na hewa inayoingia ukiwa unatembea ni 35 au 36, boksi la kiwandani linafanya kazi vizuri. Magari mengi ya Toyota huvuta hewa kutoka pembeni, nyuma ya taa ya mbele au kwenye fenda, na watu hawajui kwamba inteki ya hewa baridi wanayo tayari. Hapo badilisha filta iliyochafuka, kagua bomba la mdomo kama halijachomoka, na pesa zako weka kwenye matairi. Kama tofauti ni nyuzi 15 au zaidi hata ukiwa unatembea, au boksi lako limepasuka na mdomo wake ulishapotea kwa fundi fulani, endelea kusoma.

Vifaa

Nunua filta ya koni yenye mdomo unaolingana na bomba lako. Bati la alumini la unene wa milimita 1 hadi 1.5, kipande cha kama sentimita 60 kwa 60, linatosha boksi. Utahitaji bomba la alumini lenye kona moja au mbili, hozi za silikoni zenye nyuzi ndani yake, klipu za hozi za chuma kisichoshika kutu, riveti, bolti za milimita 6 na nati zake, gromiti (pete za mpira za kuvisha matundu), na mpira wa kuzungushia kingo. Mpira huo usiununue mpya. Ule wa mlango wa gari lililokufa, unaoupata kwa wauza skrepa, unafaa kabisa. Zana ni drili, msumeno wa chuma, tupa, msasa, mkasi wa bati, mashine ya riveti, spana, bisibisi na venia ya kupimia vipenyo.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho watu hawakikumbuki: kifuniko cha boksi la hewa cha mtumba, cha gari lilelile, chenye kile kishingo cha kukalia sensa ya MAF. Dar kitafute Gerezani, Nairobi kitafute Kirinyaga Road. Hicho ndicho utakachokikata. Boksi lako mwenyewe libaki zima.

Kishingo cha MAF, mahali kazi nyingi zinapoharibikia

Sensa ya MAF haipimi hewa yote inayopita. Ina waya mwembamba unaopashwa moto, na inapima jinsi sehemu ndogo ya hewa inavyoupoza. Hiyo sehemu ndogo ndiyo inayotumika kukadiria hewa yote, kwa kuamini kwamba kipenyo cha bomba ni kilekile cha kiwandani. Ukibadilisha kipenyo, umeidanganya.

Chukua bomba la milimita 70 ulibadilishe kwa la milimita 76. Kwa macho tofauti ni ndogo. Lakini eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo limeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa ileile sasa inapita polepole, sensa inasoma pungufu kwa kama asilimia 15, na mafuta yanapungua kwa kiasi hichohicho. Kontroli boksi litajaribu kurekebisha, na likifika kikomo taa ya injini inawaka na msimbo P0171, maana yake mchanganyiko una mafuta kidogo. Ukikanyaga mpaka chini ni hatari zaidi, kwa sababu hapo kontroli boksi haliisikilizi sana sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, na injini inaweza kugonga kabla hujajua kuna tatizo.

Kwa hiyo tumia kishingo cha kiwandani. Kikate kutoka kwenye kifuniko cha mtumba na ubakize sentimita chache za plastiki kila upande ili hozi ipate pa kushika. Kama ndani kuna wavu au kichujio cha matundu madogo, usikitoe. Kipo ili hewa inyooke kabla ya kuifikia sensa. Lainisha kingo kwa msasa, osha kwa maji na sabuni, kausha, ndipo uhamishe sensa yako. Angalia mshale wa mwelekeo wa hewa. Ukiigeuza, gari litawaka lakini halitatembea vizuri.

Kabla ya kishingo weka sehemu iliyonyooka ya sentimita 15 kama nafasi inaruhusu. Hewa iliyotoka tu kwenye kona ina mzunguko, na sensa inaisoma vibaya. Na kwa kuwa kwenye Toyota nyingi sensa ya joto la hewa imo ndani ya MAF hiyohiyo, kuiacha nje haiwezekani. Gari litakosa taarifa mbili kwa mpigo.

Kuchagua njia

Toa betri, yaani ondoa kwanza waya wa hasi. Injini iwe imepoa. Kabla hujafungua chochote piga picha za kila mrija mdogo unaoingia kwenye hozi ya hewa, na uandike unatoka wapi. Kuna mmoja mnene unaotoka kwenye kifuniko cha vali. Huo ni wa injini kupumua, tutaurudia. Fungua boksi na hozi, kisha ziba throto mara moja kwa kitambaa kikubwa chenye rangi kali, mkia wake ukining'inia nje ambako hutakosa kuuona. Nati moja ikidondokea humo inageuka safari ya kufungua manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda.

Sasa tafuta hewa inakopatikana. Nafasi nzuri kwa kawaida ni nyuma ya taa ya mbele upande wa betri, pembeni ya rejeta na si nyuma yake. Hewa iliyopita kwenye rejeta imeshapashwa moto, na feni inaisukumia injini moja kwa moja. Peleka mkono ndani ya tundu la fenda uone kuna nafasi gani. Usikate chuma cha mwili kinachobeba uzito au kinachoshikilia bampa. Kama kuna tundu la kiwandani lililozibwa kwa plastiki, litumie hilo.

Usishawishike kushusha filta mpaka chini ndani ya bampa, kama wanavyofanya wenzetu wa nchi za barabara kavu. Hewa ya huko ni baridi kweli, ila maji ni karibu mno. Maji hayasindiliki. Kwenye 1ZZ, pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama sentimita 50 za ujazo kwa silinda, haifiki hata kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Silinda ikiingia maji zaidi ya hayo, pistoni inagota na konrodi, fimbo inayoishikilia pistoni, inapinda. Kwa anayepita Jangwani, bonde la Dar es Salaam linalofurika, msimu wa masika, filta chini ya bampa ni kamari. Mimi naweka sheria hii: sehemu ya chini kabisa ya filta isishuke chini ya usawa wa taa za mbele.

Land Cruiser za safari za Arusha zinafuata mantiki hiyohiyo, ila zimekwenda mbali zaidi. Lile bomba linalopanda pembeni ya kioo mpaka usawa wa paa linatafuta hewa safi juu ya vumbi la gari lililotangulia, na hewa baridi inakuja kama nyongeza.

Bomba

Alumini ya unene wa milimita 1.5 hadi 2 ndiyo chaguo langu. Ni nyepesi, haishiki kutu, na inachomeleka kwa fundi mwenye mashine ya argoni. Inapata joto haraka, ni kweli, lakini hewa inapita humo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Injini hii kwenye mizunguko 6,000 inavuta karibu lita 80 kwa sekunde. Ndani ya bomba la milimita 63 hiyo ni kasi ya kama mita 26 kwa sekunde. Kwa la milimita 76 ni kama mita 18. Kwa hiyo la 63 linatosha bila shida, na bomba nene zaidi ya mdomo wa throto halikuongezei chochote isipokuwa kelele.

Bomba la PVC la maji taka ndilo linalovutia watu kwa bei. Lina kazi yake: litumie kama kielelezo. Kata vipande, viunganishe kwa gundi kidogo tu, vijaribishe ndani ya gari mpaka kona zikae sawa, kisha mpelekee mchomeleaji akufanyie lilelile kwa alumini. Lakini usiliache humo. PVC ya kawaida imetengenezwa kwa kazi isiyozidi nyuzi 60, na kwenye nyuzi 80 inalegea. Chini ya boneti, gari likizimwa baada ya safari ndefu, joto hilo linafikiwa.

Ukipewa bomba la chuma la ekzosi, kataa kama si la chuma kisichoshika kutu. Kutu ya ndani hubanduka na kuelekea injini. Na kama fundi wako anapinda bomba kwa njia ya zamani, yaani kulijaza mchanga mkavu na kulipasha moto, kona itatoka nzuri, ila mchanga usibaki hata punje. Gonga bomba lote kwa nyundo ya mpira, piga hewa ya kompresa pande zote mbili, pitisha kitambaa chenye mafuta kwa kamba, angalia kitambaa, rudia mpaka kitoke safi. Punje za silika zinakwangua kuta za silinda, na filta haina msaada kwa kilicho upande wa pili wake. Hali kadhalika vidonge vya chuma vya kuchomelea: ingiza kidole ndani ya kila maungio na upapase.

Ule mrija wa kupumulia wa kifuniko cha vali unahitaji chuchu (kimrija kifupi cha kuuchomekea) kwenye bomba jipya, yenye kipenyo sawa na ya zamani, na iwe baada ya MAF, upande wa throto. Watu wanapenda kuuchomekea kifilta kidogo na kuuacha wazi kwa sababu unapendeza. Ukifanya hivyo injini inavuta hewa ambayo sensa haikuipima, na marekebisho ya mafuta yanapanda. Mirija mingine yote irudi mahali pake vilevile.

Boksi la kuzuia joto

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka. Chukua kadibodi ya katoni. Kata kipande cha chini kwanza, kikae palipokuwa boksi la zamani, ukifuata mashimo ya bolti za kiwandani ili usitoboe mapya. Kisha ukuta wa upande wa injini, kisha wa nyuma. Upande wa fenda mara nyingi mwili wa gari wenyewe unakuwa ukuta. Unganisha kwa gundi ya karatasi, weka filta ndani, na uhakikishe inabaki nafasi ya sentimita 2 au 3 kuizunguka pande zote. Filta iliyobanwa na ukuta inapumua upande mmoja tu.

Kimo cha kuta kinaamuliwa na boneti. Kanda madonge madogo ya unga wa chapati, yafunge kwenye nailoni, yaweke juu ya kingo za kadibodi sehemu nne tano, kisha shusha boneti mpaka ifunge. Ifungue na upime unene wa kila donge lililobonyea. Huo ndio mwanya wako. Rekebisha kimo cha ukuta ili mwanya uwe mdogo kidogo kuliko unene wa mpira wa mlango utakaouvisha kwenye kingo, mpira ubonyezwe na boneti kwa milimita 3 au 4 na kuziba. Joto linapenda kupanda, na mwanya wa juu ndio unaoliingiza. Kuta nzuri zisizo na mpira juu ni mapambo.

Hamishia kadibodi kwenye bati, chora kwa msumari, kata kwa mkasi. Kingo zote zipige tupa, maana bati jipya linakata vidole na mirija. Pinda kwa kubana kati ya mbao mbili na kugonga taratibu. Unganisha kwa riveti kila baada ya sentimita 5 hivi. Bomba linapopita kwenye ukuta weka gromiti au mpira, chuma kisikwaruze chuma. Toboa tundu la milimita 8 pembe ya chini kabisa ili maji ya mvua na ya kuoshea gari yatoke. Kwenye mdomo unaopokea hewa ya nje funga wavu wa matundu ya kama milimita 5. Unazuia majani, mifuko ya nailoni, na panya ambaye atapenda sana nyumba hiyo mpya. Tundu lolote ulilotoboa kwenye mwili wa gari lipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Kitu cha kuangalia sana: mdomo huo usiwe mdogo kuliko bomba. Kama bomba ni la milimita 63, eneo lake ni kama sentimita 31 za mraba, basi mdomo uwe na eneo hilo mara moja na nusu au mbili, kwa sababu wavu unakula sehemu yake. Boksi lililofungwa vizuri lakini halina pa kupokelea hewa litavuta kupitia kila mwanya wa upande wa moto.

Filta

Ziko za pamba yenye mafuta na ziko kavu. Kwa barabara zetu, kavu. Ile ya mafuta inapitisha hewa vizuri ikiwa imepakwa kwa kipimo, lakini watu huosha na kupaka kwa kukisia, na mafuta ya ziada husafiri mpaka kwenye waya wa MAF na kuufunika. Sensa ikishapata utando huo inasoma vibaya, na mwenye gari anaanza kubadilisha plagi. Ikikutokea, tumia spreya ya kusafishia MAF tu. Usitumie petroli wala spreya ya breki, na usiguse waya kwa pamba.

Chagua filta kubwa kadiri boksi linavyoruhusu. Kubwa inachukua muda mrefu kuziba. Na kama unaishi kwenye barabara ya vumbi jekundu kila siku, nikushauri jambo ambalo wauza filta hawatalipenda: filta bapa ya karatasi ya kiwandani inazuia vumbi vizuri sana. Unaweza kubaki na boksi la asili na filta yake, ukajenga kuta za bati na mdomo mpya tu. Utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida ya joto bila kugusa MAF kabisa.

Kufunga

Anzia throto kwenda nje. Toa kile kitambaa. Vaa hozi kwenye throto, ingiza bomba, kisha hozi ya pili, kishingo cha MAF, kipande kilichonyooka, mwisho filta ndani ya boksi. Hozi ipande juu ya bomba angalau sentimita 2.5 kila upande. Kaza klipu zikiwa zimenyooka, na kwenye kishingo cha plastiki kaza kwa bisibisi ya mkono tu. Plastiki hupasuka taratibu, wiki moja baadaye.

Bomba lishikiliwe na breketi moja yenye raba, iliyofungwa kwenye mwili wa gari. Injini hutikisika kwenye raba zinazoishikilia, mwili hautikisiki, kwa hiyo kati ya breketi na throto lazima kuwe na hozi laini inayoweza kuyumba. Ukifunga vyote kwa ugumu, kitakachovunjika ni chuchu ya kuchomelea au kishingo. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya bomba na kila kinachosogea, na mbali zaidi na mkanda wa feni.

Kuwasha na kukagua

Kabla ya kuwasha, funika filta yote kwa mfuko, chomoa ule mrija wa kupumulia, na upulize taratibu kupitia chuchu yake huku mtu mwingine akipaka maji ya sabuni kwenye kila maungio. Povu likitokea umepata tundu. Tundu lililo kabla ya MAF linaingiza vumbi ambalo filta halikuliona. Lililo baada ya MAF linaingiza vumbi na hewa isiyopimwa pia. Ukimaliza, toa mfuko na urudishe mrija.

Rudisha betri. Kwa kuwa ilitolewa, kontroli boksi limesahau ilichojifunza, na sailensa inaweza kuyumba mwanzoni. Liache lipate moto mpaka feni iwake na kuzima, kisha endesha kawaida kwa siku mbili tatu. Ndipo urudi kwenye barabara ileile, saa ileile, na lile daftari. Hewa inayoingia ukiwa unatembea iwe karibu na joto la nje kuliko mwanzo. Kama haijashuka, boksi linavuja joto; angalia mpira wa juu kwanza. Marekebisho ya muda mrefu yakibaki ndani ya asilimia 5 ya yale ya mwanzo, umefanya kazi safi. Yakipanda kwa 8 au 10, kuna hewa inayoingia bila kupimwa au kishingo hakina kipenyo sahihi. Msimbo P0100 au P0110 maana yake umesahau kuchomeka sensa au umevuta waya wake.

Kwenye foleni joto litapanda tu, hata kwa boksi bora kuliko yote, kwa sababu hakuna upepo unaoingia. Cha kuangalia ni muda linaochukua kushuka ukianza kutembea. Kama ndani ya dakika moja au mbili limerudi chini, boksi linafanya kazi.

Baadaye

Baada ya wiki mbili kaza klipu zote upya, silikoni mpya hulegea kidogo. Fungua ukague filta kila mwezi wakati wa kiangazi kama unapita vumbi, kila miezi mitatu kama ni lami. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa throto. Kikitoka na vumbi jekundu, acha kuendesha mpaka ujue linapitia wapi. Wakati wa mvua hakikisha tundu la chini la boksi halijazibwa na matope. Na ikitokea umeingia kwenye maji na gari likazima, usijaribu kuliwasha tena. Vuta gari, toa plagi zote, zungusha injini maji yatoke, ndipo ujue hali.

Boksi la asili lifunge kwenye mfuko pamoja na bolti zake na ulihifadhi. Waambie watu wako wa bima kwamba umebadilisha mfumo wa hewa. Siku ya kuuza gari, wanunuzi wengi wa Allion watataka kuliona lile boksi jeusi likiwa mahali pake.